MSHIKAJI, HILO PAA SI LA KUPIGA NYUNDO!

Leo naomba tuziweke kando habari za mapenzi na kujirusha, tuangalie juu. Ndiyo, juu, kwenye paa la hiyo nyumba uliyopanga!

Jumamosi iliyopita nilikuwa nakatiza mtaa mmoja hapa Dar, nikawakuta vijana wanne juu ya nyumba ya zamani. Mwenye nyumba kaamua kuondoa paa la asbesto aweke bati jipya. Jamaa wanabonda kwa nyundo, vipande vinadondoka, vumbi kama unga wa sembe! Mmoja kajifunga fulana puani, mwingine ana sigara mdomoni. Chini, watoto wanaokota vipande wachoree kama chaki. Nilipouliza, nikajibiwa: "Braza, sisi tunatafuta ugali."

Ugali sawa, lakini ugali gani huo wa kulipia na mapafu?

Asbesto ni madini yenye nyuzi nyembamba mno, jicho halizioni. Zamani zilichanganywa na simenti kutengeneza mapaa. Paa likiwa zima, simenti inazishika. Ukilivunja, ukilikata au ukilitoboa, zinapeperuka, unazivuta, zinaganda mapafuni. Ugonjwa wenyewe hauna haraka: miaka 20, 30, hata 40. Unabonda leo una miaka 22, deni linakuja kudaiwa una wajukuu! Na ukivuta sigara juu yake, hatari ya saratani ya mapafu inapanda maradufu na zaidi.

Wapenzi wa sinema za zamani mnamjua Steve McQueen, yule mbabe wa Marekani. Alifariki mwaka 1980, umri miaka 50 tu, baada ya kuugua saratani ya utando wa mapafu, ambayo kisababishi chake kikubwa ni asbesto. Inaelezwa kuwa ujanani, akiwa jeshini, alipewa kazi ya kubandua asbesto kwenye mabomba ya meli. Wapo pia akina mama waliougua kwa kufua tu nguo za kazi za waume zao!

Uingereza ilipiga marufuku asbesto mwaka 1999, Afrika Kusini mwaka 2008. Lakini marufuku haishushi paa lililokwisha kuezekwa.

Sasa tufanyeje? Kwanza, jua ulichonacho. Paa la kijivu, zito, lenye mawimbi, la nyumba ya zamani, lihesabu ni asbesto mpaka maabara iseme vingine. Macho hayatoshi. Mtaalamu analowesha, anachukua kipande kidogo, anakifunga kwenye mfuko, kinapimwa kwa darubini. Akague na dari, mabomba na matanki.

Pili, kama paa ni zima, liache! Usilikwangue, usilitoboe kuweka antena, usilipande. Hayo mapaa yakizeeka yanakatika ghafla, unatua sebuleni kwa watu.

Tatu, kama lazima litoke, waitwe wenye ujuzi na vifaa. Wanalowesha kwa maji, wanafungua misumari mmoja mmoja, wanashusha kipande kizima bila kurusha. Wanafunga kwa nailoni nzito mara mbili na kuandika alama ya hatari. Wanavaa barakoa maalumu, si fulana, na ovaroli zisizokwenda nyumbani. Vumbi halifagiliwi kavu. Mzigo hautupwi jalalani wala haugeuzwi banda la kuku. Waulizeni mamlaka ya mazingira uzikwe wapi.

Mzee mwenye nyumba, najua kibarua wa nyundo ni bei poa. Lakini ile tofauti ya bei hailipwi na wewe, inalipwa na kijana wa watu na watoto wa jirani. Na wewe mshikaji, ukiitiwa dili la kubomoa paa, uliza kwanza ni paa la nini. Likiwa asbesto, shuka. Vibarua vingine vipo, mapafu mengine hakuna.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa!