Mapendo ya kweli yanapimwa sokoni: funzo la Floribert kwa Wakristo wa Kasongo

Kila siku ya Mungu, katika makanisa ya Kasongo, neno "mapendo" linasikika toka mimbarani mpaka kwenye kwaya. Linaimbwa, linahubiriwa, linaombewa. Kesho yake watu wale wale wanakutana sokoni, mmoja akiuza, mwingine akinunua. Hapo ndipo neno hilo linapimwa. Mapendo ya Mkristo yanajulikana kwenye kipimo cha mchele kuliko kwenye wimbo.

Mfano hauko mbali. Tarehe 15 Juni 2025, mjini Roma, Kanisa Katoliki lilimtangaza Floribert Bwana Chui kuwa mwenyeheri. Huyu hakuwa padri wala askofu. Alikuwa kijana wa Goma aliyesomea sheria, mfanyakazi wa OCC, ofisi ya serikali inayokagua bidhaa zinazoingia nchini. Mwaka 2007 alikataa kupitisha mchele ulioharibika. Alipoahidiwa pesa, alikataa. Aliposhinikizwa, alikataa tena. Mwezi wa Julai mwaka huo alitekwa na kuuawa. Alikuwa na miaka 26.

Mchele ule ungeliwa na nani? Floribert hakuwajua watu hao. Pengine ni mama wa mtaa wa mbali, mtoto wa shule, mgonjwa wa hospitali. Hakuna hata mmoja ambaye angekuja kumshukuru. Kupenda ndugu, rafiki au mtu wa kabila moja ni jambo jema, lakini hata asiyeamini analiweza. Floribert alimpenda mtu asiyemwona, na mapendo hayo yaligharimu maisha yake. Hakuuawa kwa sababu alikataa kumkana Yesu kwa midomo. Hata hivyo Kanisa limemhesabu kuwa shahidi wa imani, kwa sababu lilielewa kwamba kulinda sahani ya mtu maskini pia ni kumuungama Kristo.

Funzo hilo linaigusa Kasongo moja kwa moja, kwani huku mchele ni jasho la mkulima na chakula cha kila nyumba. Mfanyabiashara anayebonyeza kipimo ili mkulima apunjwe, muuzaji wa dawa anayefuta tarehe iliyopita, mwalimu anayeuza pointi, mfanyakazi wa serikali asiyetia muhuri bila matabishi: wote hao wanaweza kuimba vizuri sana siku ya Mungu. Lakini yule wanayemuumiza ndiye jirani ambaye Injili inawaambia wampende.

Wapo watakaosema kwamba maneno haya ni mepesi kwa mtu aliyeshiba. Mshahara unachelewa au hautoshi, barabara ni mbovu, watoto wanangojea karo. Malalamiko hayo ni ya kweli, na serikali inapaswa kuyajibu. Lakini anayelipa matabishi mara nyingi ni maskini kuliko anayeyapokea, na njaa ya nyumba moja haiponywi kwa kuihamishia nyumba ya pili.

Viongozi wa dini nao wana deni. Padri au mchungaji anayepokea sadaka nono bila kuuliza ilitoka wapi, kisha anampa mtoaji kiti cha mbele, anawafundisha waamini kwamba mapendo yana bei. Hapo hata mahubiri mazuri hayafui dafu.

Zaidi ya hayo, Kasongo ni mji ambapo Wakristo na Waislamu wamekaa pamoja tangu zamani. Wanazikana, wanaoana, wananunua kwenye meza moja ya soko. Mkristo anayemtendea haki mwenzake wa kanisa tu, na kumdanganya jirani anayetoka msikitini, hajaelewa mfano wa Msamaria. Katika mfano huo Yesu alimchagua mtu wa dini nyingine, aliyedharauliwa, ili awaonyeshe wasikilizaji wake nani anajua kupenda.

Wakaaji wa Kasongo wanajua pia historia yao. Katika karne ya 19, wakati wa Tippu Tip na misafara ya pembe za ndovu, hapa binadamu alikuwa na bei. Alihesabiwa, akafungwa, akauzwa. Biashara ile imekwisha, lakini kila mara mtu anapokubali mwingine augue au afe ili yeye apate faida, binadamu anawekewa bei upya.

Si kila Mkristo ataombwa kufa kama Floribert. Wengi wataombwa kitu kidogo zaidi: kujaza kipimo, kurudisha pesa iliyozidi, kutupa dawa iliyoharibika hata kama ni hasara, kumhudumia mjane bila kumnyooshea mkono. Anayefanya hivyo siku ya soko, bila shahidi na bila makofi, ameshahubiri.