Kiinua mgongo kikiingia, kumbuka wewe ni wakili

MUME wangu alistaafu ualimu wa shule ya msingi alipotimiza miaka 60. Ameniruhusu niwasimulie haya kwa sharti moja, kwamba nisimpendelee yeye wala nisijipendelee mimi.

Siku ya kwanza baada ya kustaafu aliamka saa 11 alfajiri kama kawaida. Akaoga, akanyoa ndevu, akavaa shati alilolipiga pasi jana yake. Kisha akakaa ukingoni mwa kitanda. Nilipotoka kuwasha jiko nikarudi, nikamkuta bado amekaa pale pale. Akaniuliza, "Hivi leo naenda wapi?"

Nilicheka nikidhani anatania. Hakuwa anatania.

Miezi michache baadaye mafao yake yakalipwa. Benki walimtumia ujumbe kwenye simu, naye akanyamaza. Mimi nilikuja kujua wiki ya tatu, tena si kutoka kwake. Shemeji yangu alinipigia kunishukuru kwa fedha za kununulia gari la abiria. Fedha gani? Gari gani?

Usiku ule hatukulala. Mimi nilikuwa nahesabu ada ya mtoto wetu wa mwisho aliyeko chuoni na paa tulilolisubiri miaka mingi. Yeye alikuwa anarudia neno moja: "Hela ni yangu, nimeifanyia kazi miaka 36." Nikamjibu kwamba miaka hiyo 36 kulikuwa na mtu anafua hayo mashati ya kazini. Tangu usiku ule tukawa watu wawili ndani ya nyumba moja, kila mmoja anadai chake. Watoto walipokuja kutusalimia walijua kuna jambo, ingawa hakuna aliyewaambia.

Mwishowe tulimwendea mchungaji mmoja mstaafu. Alitusikiliza mpaka chai ikapoa. Kisha akasema, "Baba amesema zake, mama amesema zake. Na Mwenye mali je, amesemaje?"

Akatufungulia mfano wa talanta katika Mathayo 25. Mfano huo tumeusikia tangu Sunday school, na wengi tunadhani talanta ni kipaji cha kuimba au kuhubiri. Kumbe talanta ilikuwa kipimo cha uzito wa fedha. Wataalamu wa Biblia hukadiria talanta moja ilikuwa sawa na dinari 6,000, na ukisoma Mathayo 20 utaona dinari moja ndiyo ujira wa kibarua kwa siku. Piga hesabu: 6,000 ni siku za kazi za miaka ipatayo 20. Maana yake, yule mtumishi aliyepewa kidogo kuliko wenzake, ambaye tumezoea kumwonea huruma, alikabidhiwa ujira wa miaka 20 kwa mkupuo. Alikabidhiwa kiinua mgongo! Akakifukia ardhini kwa sababu aliogopa.

Mume wangu alicheka kwa mara ya kwanza tangu mwezi ule uanze. Kisha akanyamaza, kwa sababu naye alikuwa ameificha ya kwake kwenye simu. Mimi nikajiona nimeshinda, lakini mchungaji akanigeukia: "Na wewe mama, ungeambiwa siku ile ile, ungeuliza imekabidhiwa kwa kazi gani, au ungeuliza paa linaezekwa lini?" Sikuwa na jibu.

Ndugu msomaji, mabadiliko makubwa ya maisha hutupata sote. Leo ni kustaafu, kesho ni kupunguzwa kazini, kufiwa na mwenzi, kupata mtoto wa kwanza, au mtoto wa mwisho kuondoka nyumbani. Katika kila kona ya namna hiyo swali linalotujia haraka ni "nimepoteza nini?" au "nimepata nini?" Wakili huuliza swali jingine: "Sasa nimekabidhiwa nini?"

Mtazame Yusufu katika kitabu cha Mwanzo. Nyumbani kwa Potifa alikabidhiwa mali yote aisimamie. Akasingiziwa, akatupwa gerezani, na huko nako akakabidhiwa wafungwa. Alipokuwa na miaka 30 akasimama mbele ya Farao na kukabidhiwa chakula cha nchi nzima, naye akaweka akiba sehemu ya tano ya mavuno ya miaka saba ya neema. Anwani yake ilibadilika mara tatu, lakini kazi ilikuwa ile ile ya uwakili. Asingesubiri kufika ikulu ndipo awe mwaminifu, kwa sababu gerezani ndiko alikofahamiana na mtu aliyemtaja kwa Farao.

Liko kosa jingine ambalo sisi watu wa kanisani tunalifanya. Tukishatoa fungu la kumi tunajiona tumemalizana na Mungu, na yale mafungu tisa yaliyobaki hayamhusu. Wakili huulizwa habari za mafungu yote kumi. Ada ya mtoto ni uwakili. Dawa ya mama mzazi ni uwakili. Hata kumwambia ndugu "hapana" kwa upole na kwa wakati ni uwakili.

Tuliporudi nyumbani tulinunua daftari kubwa, kwa maana wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Tukaandika orodha nne: fedha tuliyo nayo, muda tulio nao, ujuzi tulio nao, na watu wanaotutegemea. Orodha ya fedha ilikuwa fupi kuliko tulivyodhani. Ya ujuzi ilikuwa ndefu, na mume wangu alibishana nami kila nilipoongeza mstari.

Sitawadanganya kwamba kila kitu kilinyooka. Lile gari lilifanya kazi miezi mitano likafa injini, mpaka leo liko gereji. Fedha hazijarudi, na sijui kama zitarudi. Kusamehe tumesamehe, lakini daftarini zimeandikwa. Paa limeezekwa nusu. Ada imelipwa.

Kwa mzazi anayekaribia kona kama hii, nina machache ya kumwambia:

Moja, kaeni wawili muandike mpango kabla fedha haijaingia. Ikishaingia, kila anayepiga simu ana mpango wake tayari.

Mbili, kwa miezi mitatu ya kwanza msimwahidi mtu fedha, awe ndugu, rafiki au hata kamati ya ujenzi wa kanisa. Semeni mnaomba muda, maana anayewapenda atasubiri.

Tatu, waelezeni watoto wakubwa ukweli wa kilichopo. Mtoto asiyejua hudhani baba ni tajiri, na mtoto anayejua hujifunza uwakili kwa kuwaona ninyi.

Nne, andikeni wosia na mhakikishe taarifa za wategemezi wenu kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii ni sahihi. Wakili mwema huacha hesabu inayosomeka.

Tano, msitafute kusudi kwenye fedha peke yake. Rudini kwenye orodha ya ujuzi na muda.

Hii ya mwisho ndiyo iliyomponya mume wangu. Jirani yetu ana mtoto wa darasa la nne aliyekuwa hajui kusoma. Mume wangu alianza naye barazani, jioni tatu kwa wiki, bila malipo. Sasa wako tisa. Wanakaa kwenye mkeka, kelele zao nazisikia nikiwa jikoni, na siku za kipindi namwona anapiga pasi shati. Haulizi tena anaenda wapi.

Leo usiku, kabla hamjaweka simu pembeni, muulize mwenzako swali hili: "Katika hali tuliyo nayo sasa, tumekabidhiwa nini?" Kama unalea peke yako, jiulize mbele za Mungu, halafu uandike jibu. Anza na ulicho nacho, hata kama ni kidogo. Hata talanta moja haikuwa kidogo.

Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.