Muziki nao una kangomba yake

MKULIMA wa korosho wa Nachingwea au Ruangwa hahitaji kuelezwa maana ya kangomba. Mlanguzi humfuata nyumbani kabla ya msimu, akijua ndani hakuna unga, humwachia fedha kidogo, na korosho zikishaokotwa huzichukua kwa kipimo kisicho mizani.

Mwaka 2018, Serikali iliponunua korosho kwa Sh3,300 kwa kilo, ilihakiki mashamba kwanza ili kuwabaini walanguzi hao. Katika muziki, biashara ya namna hiyo haina anayeihakiki.

Kijana ametunga wimbo lakini hana fedha za studio. Anatokea mtu wa kumlipia, naye anaukabidhi wimbo wote, pengine kwa makubaliano ya mdomo tu. Wimbo ukivuma, mapato si yake tena.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inampa mtunzi haki kwa maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Kwa hiyo anayetoa wimbo kwa gharama ya kurekodi hauzi mavuno ya msimu mmoja. Anauza shamba pamoja na mikorosho yake.

Vyuo vya muziki vipo. Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilianza mwaka 1981 na mwaka 2007 kikawa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo (TaSUBa). Zanzibar kuna chuo cha muziki cha nchi za jahazi, DCMA, kilichoanzishwa mwaka 2002. Kwa kijana wa Ruangwa vyote viko mbali. Nauli, pango na chakula vinatangulia ada.

Lakini sauti na ngoma kijana wa kusini huzikuta nyumbani, katika jando, unyago na harusi. Anachokosa zaidi ni elimu ya biashara: kusoma mkataba, kugawana asilimia na mtayarishaji, kusajili kazi COSOTA, kupanga bei ya onyesho na kuweka akiba.

Akiba ni suala zito katika wilaya hizi. Fedha huingia kwa ufuta katikati ya mwaka na kwa korosho kuanzia Oktoba. Masika shughuli hupungua, na hapo ndipo wimbo huuzwa kwa bei ya kutupwa.

Hivyo mafunzo peke yake hayatoshi. Mkulima anayeuza kangomba anajua kabisa kuwa mnada wa chama kikuu cha RUNALI una bei nzuri zaidi. Shida ndiyo inayomsukuma. Mwanamuziki naye akifundishwa mkataba bila kupata mtaji, atausaini ule ule mbaya, safari hii akiuelewa.

Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, iliyositishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024, inatenga asilimia nne kwa vikundi vya vijana. Kikundi cha wanamuziki kinaweza kuomba, kikanunua spika na kinanda, kikavikodisha kwenye harusi na kulipia studio chenyewe.

Kazi ya maofisa utamaduni na wa maendeleo ya jamii ni kuyaunganisha mawili hayo: mafunzo mafupi ya mikataba na hesabu kwanza, kisha mkopo, kabla ya masika. Yakitenganishwa, watunzi wataendelea kusikia nyimbo zao redioni huku wakipalilia mikorosho ya wenzao.