Kumchagulia Mzee Makao: Iulizwe Zamu ya Usiku

Nchini Australia, ambako makao ya wazee huendeshwa chini ya sheria ya taifa na kwa fedha nyingi za serikali, familia inayomtafutia mzee mahali pa kuishi huonyeshwa kwanza yale yanayovutia macho: ukumbi wenye zulia, bustani yenye viti, chumba chenye dirisha kubwa na bafu lake, na orodha ya vyakula vya wiki iliyobandikwa ukutani. Mambo hayo si ya kudharauliwa, kwani hakuna anayependa kumweka mzazi wake mahali pachafu. Lakini hakuna zulia linalomgeuza mgonjwa kitandani saa nane za usiku, wala bustani inayotambua kwamba bibi aliyemaliza chakula chake jana leo hakukigusa. Kazi hizo hufanywa na watu, na anayelinganisha nyumba mbili hana budi kulinganisha kwanza watumishi wake, tena kwa undani unaopita hesabu zinazotangazwa.

Nasaha hii inawagusa pia wasemaji wa Kiswahili waliohamia huko kutoka Kongo, Burundi, Kenya, Tanzania na kwingineko, ambao wengi wao hupata riziki kwa kazi hiyo hiyo ya kuhudumia wazee, na ambao baadhi yao sasa wana wazazi waliofikia umri wa kuhudumiwa. Miongoni mwao, kumpeleka mzee katika makao bado huhesabiwa kuwa aibu, na aibu hiyo ina madhara yasiyosemwa: mwenye kuona haya haulizi maswali, bali hutaka jambo liishe upesi kabla jamaa hawajaanza kunong'ona, na hivyo huchukua nyumba ya kwanza yenye chumba kilicho wazi. Iwapo mzee anahitaji kunyanyuliwa na watu wawili mchana na usiku, na wanawe wote wako kazini, uamuzi wenyewe hauna lawama. Lawama inaweza kuwapo katika kuchagua kwa haraka.

Sheria ya Australia ya mwaka 1997 kuhusu huduma za wazee ilitaka tu kila nyumba iwe na watumishi wa kutosha wenye ujuzi unaofaa, bila kutaja idadi, na kila mwenye nyumba aliitafsiri kauli hiyo kadiri ya mfuko wake. Oktoba 2018 iliundwa Tume ya Kifalme, yaani chombo cha uchunguzi chenye mamlaka ya kuwaita mashahidi na kudai nyaraka, ambayo ilipotoa ripoti yake ya mwisho Machi 2021 ilikuwa na mapendekezo 148, mojawapo likiwa kuweka kiwango cha chini cha muda ambao kila mkazi anapaswa kuhudumiwa kwa siku. Kiwango hicho, kinachojulikana kama dakika za uangalizi, kilianza kuwa cha lazima Oktoba 2023 kwa wastani wa dakika 200, na Oktoba 2024 kikapandishwa hadi dakika 215, ambazo 44 kati yake zinapaswa kutoka kwa muuguzi aliyesajiliwa, yaani aliyehitimu masomo kamili ya uuguzi na kuruhusiwa kufanya maamuzi ya kitabibu yaliyo katika taaluma yake. Tangu Julai 2023, muuguzi wa namna hiyo anatakiwa awepo nyumbani humo saa zote 24, ingawa baadhi ya nyumba ndogo za maeneo ya mbali huweza kupata msamaha. Dakika zinazobaki hutolewa na wauguzi wasaidizi, ambao hufanya kazi chini ya usimamizi wa hao wa kwanza, na zaidi na wahudumu, ambao ndio huogesha, huvisha na kulisha. Mpishi, mfagiaji na mtaalamu wa mazoezi ya viungo hawamo katika hesabu hiyo.

Inafaa hesabu yenyewe ifanywe, maana wengi husikia dakika 215 wakadhani mzee anakaa na mtu kwa saa tatu na nusu. Nyumba yenye wakazi 60 inayofikia wastani huo sawasawa ina saa 215 za watumishi kwa siku nzima, ambazo ni zamu 27 hivi za saa nane zilizogawanywa kati ya asubuhi, jioni na usiku. Sehemu ya wauguzi waliosajiliwa ni saa 44. Kwa kuwa mmoja wao lazima awepo usiku na mchana, saa 24 huenda katika sharti hilo peke yake, na zinazosalia ni saa 20, ambazo hazifiki zamu tatu. Aidha dakika hizo hazitumiki zote mbele ya mkazi, kwani ndani yake mna pia kuandika taarifa, kupokezana zamu na kuzungumza na daktari kwa simu. Kiwango cha sheria, basi, ni sakafu, na nyumba inayojisifu kwamba imeitimiza inajisifu kwa kutovunja sheria.

Lipo jambo jingine ambalo huwapotosha hata wasomi. Wastani wa 215 ni wa taifa zima. Kila nyumba hupangiwa lengo lake kulingana na hali za wakazi wake, hivyo nyumba yenye wagonjwa wengi wasiojiweza huwa na lengo kubwa kuliko nyumba ya wazee wanaotembea wenyewe. Kulinganisha dakika 225 za nyumba moja na 210 za nyingine bila kutazama malengo yao ni kazi bure, kwa sababu ile ya kwanza yaweza kuwa chini ya lengo lake na ya pili juu. Tangu Desemba 2022 serikali huchapisha alama za nyota, kuanzia moja hadi tano, na alama ya jumla huchanganya mambo manne: maoni ya wakazi asilimia 33, utii wa sheria asilimia 30, watumishi asilimia 22, na vipimo vya afya, kama vile vidonda vya kulala sana na kuanguka, asilimia 15. Nyota nne za jumla zaweza kwa hiyo kuzifunika nyota mbili za watumishi. Anayetafuta aifungue ile sehemu ya watumishi peke yake, asome dakika za jumla na za wauguzi zikiwa zimewekwa kando ya lengo la nyumba hiyo, na akumbuke kuwa takwimu hizo hutolewa na wenye nyumba kila robo mwaka, zikamfikia yeye baada ya miezi kadhaa.

Lakini dakika haina jina la mtu, na hapa ndipo mizani ya serikali inapofikia mwisho wake. Dakika ya mhudumu aliyemjua mzee kwa miaka minne na dakika ya kibarua aliyeletwa asubuhi hiyo na wakala wa ajira huhesabiwa sawa, ilhali mbele ya mzee aliyepatwa na ugonjwa wa kusahau tofauti yake ni kubwa mno. Wa kwanza anajua kwamba babu huyu akianza kuvuta shuka anataka haja. Wa pili ataona fujo, atamwita muuguzi, na huenda ikatafutwa dawa ya kumtuliza. Wa kwanza anajua kwamba bibi yule hulishwa polepole, kijiko kidogo, kidevu kikiwa kimeinama kidogo, asipaliwe. Wa pili ana wazee sita wa kulisha na karatasi ya maelekezo ambayo hajapewa nafasi ya kuisoma. Haitakuwa haki kumlaumu kibarua huyo, ambaye pengine ni mwanafunzi kutoka Nairobi anayebanwa na viza inayomruhusu kufanya kazi saa 48 tu katika wiki mbili za masomo, na ambaye akipewa nyumba moja ya kudumu angekuwa hodari kuliko wote. Kosa ni la anayeendesha nyumba kwa watu wa kupita. Kwa hiyo iulizwe bila kumung'unya maneno ni zamu ngapi za wiki mbili zilizopita zilizojazwa na wakala, meneja ana muda gani pale, na watangulizi wake wawili walikaa kwa muda gani. Nyumba inayobadilisha mameneja kila baada ya miezi michache haiwezi kuwashika wahudumu.

Swali la usiku ndilo linaloulizwa kwa nadra kuliko yote, labda kwa sababu wageni hutembezwa mchana. Mashine ya kumnyanyulia mtu asiyeweza kusimama huendeshwa, kwa taratibu za usalama, na watu wawili. Ikiwa upande wenye vitanda 20 una wahudumu wawili usiku, basi kila wanapomnyanyua mmoja, wengine 19 hawana mtu, na kengele italia mpaka kazi ile iishe. Muuguzi aliyesajiliwa, ambaye kisheria yumo nyumbani, huenda yuko ghorofa nyingine akimhudumia anayekata roho. Meneja aulizwe, kwa upande ule hasa atakaolala mzee, ni nani wanaokuwapo saa nane za usiku na ni nani anayewafuata pakitokea dharura. Akijibu kwa wastani wa nyumba nzima, aulizwe tena.

Baada ya maswali, nyumba itembelewe mara ya pili, nje ya saa za kupokea wageni wanunuzi. Jumapili wakati wa chakula cha jioni inafaa sana. Mtazamaji atazame kama gilasi ya maji iko mahali mkono wa mzee unapofika, kama vifaa vya kusikilizia vimo masikioni au vimesahauliwa kwenye droo, kama mhudumu anayelisha ameketi au amesimama akichungulia saa, na kama wahudumu wanawaita wazee kwa majina yao.

Kwa mzee wa Kiswahili pana jambo la ziada, kwani ugonjwa wa kusahau mara nyingi hufuta kwanza lugha iliyojifunzwa ukubwani, na aliyeongea Kiingereza kwa miaka 20 huweza kubaki na Kiswahili tu. Wagiriki wa Melbourne walikwisha kujijengea makao yenye wahudumu wa lugha yao. Wasemaji wa Kiswahili bado ni wachache mno kwa hilo, nao wametawanyika. Nyumba itakaposema kwamba inaye mhudumu Mkenya au Mkongo, familia isifurahi mapema, bali iulize mhudumu huyo ni wa kudumu au wa wakala, huingia zamu zipi, na siku asipokuwapo ni nani huita mkalimani wa simu anayegharimiwa na serikali. Yafaa pia majibu hayo yaandikwe katika mpango wa huduma wa mzee kabla mkataba haujatiwa saini, kwa kuwa meneja aliyeyatoa kwa mdomo anaweza kuwa amehama kufikia robo mwaka ijayo.