Nilivyoila Mbolea ya Ba'mdogo

Leo sina stori za mabaa wala za mademu. Nina dhambi ya kukiri, na dhambi yenyewe ni ya mbolea. Msicheke.

Ilikuwa msimu wa 2010/11. Serikali ilikuwa inagawa vocha za pembejeo, ule mpango ulioanza 2008 ukaja kuisha 2014, na Kigoma tulikuwemo. Kaya iliyochaguliwa na kamati ya kijiji ilipata vocha tatu za ekari moja: mbolea ya kupandia, ya kukuzia na mbegu bora. Sasa kasheshe ni hii: vocha ililipa nusu ya bei tu. Nusu nyingine mkulima atoe mfukoni, tena mvua zinapoanza, wakati hata maharage ya kuuza yameshakwisha.

Ba'mdogo wangu wa Kasulu akanipigia. "Mwanangu, nimepata vocha. Nisaidie elfu sitini, mahindi yakitoka nitakurudishia."

Mimi na mbwembwe zangu za Dar: "Hiyo ndogo, Ba'mdogo. Ijumaa inaingia."

Ijumaa ikafika, ikafika na washikaji. Kitimoto, bia, mara muziki... mnaelewa. Jumatatu nimechacha mpaka nauli ya daladala nakopa. Akapiga tena mara mbili, sikupokea.

Januari nikaenda kusalimia. Enzi hizo ukishaiacha Nyakanazi ni tope jekundu mwanzo mwisho, basi linacheza mdundiko. Nikashuka Kibondo nilale kwa mshikaji wangu. Mama yake ni mjane, naye alipata vocha, maana mpango ulitaka kaya za kina mama zitangulizwe. Aliuza mbuzi wawili akajazia ile nusu. Mahindi yake, jamani! Kijani mpaka yanataka kuwa meusi, yananifika kifuani.

Kesho yake nikaingia Kasulu. Shamba la Ba'mdogo lilikuwa la njano kama lina homa, mahindi hayavuki goti. Nikajitia kuuliza, "Kwani vocha zilienda wapi?"

Akacheka kidogo. Alikuja wakala, akawaambia wasio na ile nusu: tia sahihi hapa, chukua Sh 10,000 uende zako. Ba'mdogo akatia. Wakala akibeba vocha zile benki, analipwa nusu ya serikali kana kwamba katoa mzigo. Mbolea haikutoka dukani, lakini kwenye makaratasi mzee wangu alikuwa ameshatia mbolea ekari nzima!

"Ningefanyaje, mwanangu? Vocha hailiwi."

Ile elfu kumi ilinunua chumvi, sabuni na mafuta ya taa. Kuhusu zile sitini hakuniuliza, nami sikuzitaja. Usiku tukala ugali wa muhogo, kila tonge linanikwama.

Mchezo huo ulifanyika sehemu nyingi za nchi, ukapigiwa kelele sana. Hata mimi kijiweni nilikuwa wa kwanza kufoka, "Mafisadi hao!" Nisichowaambia washikaji ni kwamba wakala alikula nusu ya serikali. Nusu ya pili niliila mimi, na kachumbari juu.

Mwaka 2022 ruzuku ikarudi kwa staili nyingine. Safari hii bei ilishushwa palepale dukani, kwa wakulima waliosajiliwa wakapewa namba. Mfuko wa DAP au urea uliokuwa unazidi Sh 120,000 ukauzwa Sh 70,000. Nafuu ya kweli, ila elfu sabini mwezi wa kumi kijijini bado ni mlima.

Simu ikalia. Ba'mdogo. "Mwanangu, nimeshasajiliwa. Safari hii hakuna cha kumuuzia mtu. Ni elfu sabini."

Nikatuma papo hapo, simu bado iko sikioni. Nikasikia meseji inaingia kwake.

"Imefika," akasema. Akanyamaza. "Na ile ya Ijumaa?"