Butembo na Beni: waya wa intaneti ukikatika, ruta inajua lini?

Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini EASSy na Seacom zilikatika. Intaneti ikalegea Kenya, Tanzania, Uganda hadi Rwanda. Kwa wafanyabiashara wa Butembo na Beni wanaolipana kwa simu, mtandao ukikatika biashara inasimama.

Waya ukikatika mbali, ruta inaweza kuchelewa kujua. Itifaki ya BGP mara nyingi hungoja sekunde 90 au 180, huku ikituma ujumbe unaopotea. Mfumo wa BFD, uliowekewa kanuni mwaka 2010, unafupisha muda huo: ruta mbili zinasalimiana mara nyingi kwa sekunde, kwa kawaida salamu tatu mfululizo zikikosekana, njia inahesabiwa imekufa.

Lakini pasipo njia ya pili, BFD inatangaza kifo tu. Makampuni ya simu yaulizwe kwanza: njia hiyo iko wapi?