Safaricom ipimwe kibandani

Ukitaka kuujua utamaduni wa kampuni ya simu ya Safaricom, simama kwenye dirisha la wakala wa huduma yake ya pesa, M-Pesa, hapa Webuye, palipo na daftari na kalamu iliyofungwa kwa uzi. Michael Joseph, aliyeiongoza kampuni tangu 2000, aliamua simu zilipiwe kwa sekunde wakati kampuni pinzani ya Kencell ikitoza kwa dakika. Uamuzi huo ulimfanya mwenye shilingi chache ahesabike kuwa mteja. Bob Collymore, aliyeshika usukani 2010 hadi kifo chake Julai 2019, alitangaza mali yake hadharani, na kampuni ikachapisha idadi ya wafanyakazi iliowafuta kwa ulaghai. Kwangu hilo ni zito, maana mabosi wengi nchini huficha hata mshahara. Turudi dirishani: yupo atakayesema wakala si mwajiriwa, anajitafutia riziki kwa kamisheni. Ni kweli, lakini viwango vya kamisheni na sharti la kudai kitambulisho kabla ya kuhesabu noti vimetoka makao makuu, Waiyaki Way. Basi wakala anapoishiwa floti, yaani pesa za kuhudumia wateja, siku ya soko, au nyanya anapotapeliwa akiba yake kwa simu, Peter Ndegwa, mkurugenzi mkuu tangu Aprili 2020, hawezi kuliita hilo shauri la watu wa Webuye.